Namba Niliyoipuuza Nilipochagua Lenzi ya Michezo

Lenzi yangu ya kwanza ya masafa marefu niliichagua kwa kutazama namba moja tu, ile iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa zumu, yaani lenzi inayobadilisha urefu wa kuvuta, ya milimita 150 hadi 600 (milimita zikiongezeka, huvuta mbali zaidi), yenye uzito wa karibu kilo mbili, na mchana wa jua kali haikunipa sababu ya kulalamika. Kisha nikapiga picha za mechi ya mpira wa miguu iliyoanza alasiri na kumalizika jua likizama. Bao la ushindi lilifungwa dakika za mwisho, mbele yangu kabisa. Nilipoikuza picha kwenye kompyuta, nembo ya jezi ilisomeka, jasho la shingoni lilionekana, lakini mguu uliopiga mpira ulikuwa mchirizi mweupe wa soksi.

Namba niliyoipuuza ni ile ya tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, inayoandikwa baada ya f/: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Zumu yangu, ikivutwa hadi mwisho, haifunguki zaidi ya f/6.3, ilhali lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara tano hivi zaidi ya huo. Maana yake ni kwamba pale ambapo mwenye f/2.8 anapiga kwa kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/1000 ya sekunde, mimi nabaki na 1/200, kasi ambayo haiwezi kugandisha mguu wa mtu anayekimbia. Au nipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kutoka 1600 hadi 8000 na kuvumilia chengachenga, yale madoadoa kwenye picha. Kidhibiti mtikisiko, ambacho nilikitegemea mno, hutuliza mkono wa mpigapicha tu. Hakimtulizi mshambuliaji.

Ndiyo maana siku hizi ninapoulizwa, hushauri kuanza na tundu kabla ya milimita, hasa kwa mtu ambaye michezo anayoipiga huendelea hadi jioni. Zumu ya 70 hadi 200 yenye f/2.8 ina uzito wa takriban kilo moja na nusu, hubebeka kutwa, na humtenga mchezaji na mabango yaliyo nyuma yake. Ni kweli kwamba ukiwa nyuma ya goli, milimita 200 hazifiki upande wa pili wa uwanja, na wanaotaka kufika huko kwa f/2.8 hununua ya 400, ambayo kioo chake cha mbele hakiwezi kupungua sentimita 14 kwa upana na ambayo hata matoleo mepesi hukaribia kilo tatu. Bila monopodi, ule mguu mmoja wa kuegemeza kamera, bega litakwambia kabla ya mapumziko. Mimi huona ni afadhali kusubiri mchezo uje upande wangu.

Zipo njia za kuongeza urefu kwa gharama ndogo. Kamera yenye sensa (sehemu inayopokea picha) ndogo, ya kiwango cha 1.5, huifanya lenzi ya 200 ione kama ya 300, na telikonveta ya 1.4, kipande kinachowekwa kati ya kamera na lenzi, huifikisha 200 kwenye 280, ingawa f/2.8 hugeuka f/4. Ile ya mara 2 hukuachia f/5.6 na fokasi, yaani ulengaji wa ukali wa picha, iliyopungua kasi, kwa hiyo siipendi.

Tukitaja fokasi: ubavuni mwa lenzi nyingi za aina hii kuna swichi ndogo inayoizuia kutafuta vitu vya karibu, na wengi hawaigusi tangu siku ya kwanza. Iwashe. Mwamuzi akikatiza mbele yako, lenzi haitasafiri hadi mwisho na kurudi huku mchezaji wako akiwa ameshapita. Kabla ya kununua, azima au kodi lenzi hiyo kwa siku moja, mwombe rafiki aendeshe baiskeli moja kwa moja kukuelekea, piga picha ishirini mfululizo, kisha uhesabu ni ngapi zinaonyesha macho yake kwa ukali. Jaribio hilo litakueleza mengi kuliko jedwali la vipimo.

Jambo moja halina lenzi ya kulitibu: mawimbi ya joto yanayopanda ardhini adhuhuri, ambayo huilegeza picha ya mbali hata kwa kioo cha bei ghali kuliko vyote. Hapo dawa ni miguu, yaani kusogea.

Ile zumu ya 600 bado ninayo. Huitoa kwa mbio za baiskeli na za mashua, mchana, jua likiwa mgongoni mwangu.