Siku skrini ilipojigusa yenyewe

Hii ilikua mwezi wa tano, masika inaishia na kusi ishaanza kupiga, yani kipindi ambacho mtu mwenye akili haendi Fungu Mbaraka, kile kisiwa kidogo mbali baharini mashariki ya Dar, ila wageni walishalipa na bosi alishakula hela so tukatoka Msasani saa kumi alfajiri. Mi nilikua baharia tu, kazi yangu ndoano, chambo na kuosha boti. Nahodha wetu mzee mmoja wa Kigamboni, tulikua tunamwita Babu.

Wiki hiyo hiyo bosi alikua kafunga jipiesi mpya, likioo likubwa la kutachi, ramani inang'aa kama tivii ya sebuleni. Ile ya zamani yenye vibonye ikatolewa. Babu aliiangalia akasema "hii ya watoto", basi. Mi ndo nikawa fundi wake, maana Babu vidole vyake vimekakamaa na nyuzi za mshipi, akibonyeza haisikii.

Kwenda freshi. Kurudi saa nane, tumebakiza kama nusu ya njia (Fungu Mbaraka na mji ni zaidi ya kilometa 60), mbele kukawa kweusi, mvua ikatupiga ya ubavu ukichanganya na maji ya wimbi. Hapo ndo nikaona ramani inatembea. Hakuna aliyegusa! Inasogea, inazumu nje mpaka naiona Madagaska, halafu inaweka alama huko karibu na Pemba na kuniuliza twende? Nikabonyeza hapana, haikubali, kidole chenyewe kimelowa. Nikavua tisheti nikafuta kioo, kumbe tisheti imejaa maji chumvi, ndo kwanza nikaipaka vizuri, sasa ikawa inafungua menyu za lugha. Kwa sekunde kadhaa boti nzima tulikua na Kijapani.

Kitu nilichokuja kuelewa baadae ni kwamba mashine yenyewe ilikua nzima, setilaiti inazipata na mahali tulipo inapajua. Shida ni kioo. Kinasikia umeme mdogo wa kidole, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri tu, so kila tone kwake ni kidole. Simu nayo ndo hivyo hivyo, nilijaribu ya mgeni mmoja ndani ya mfuko wa nailoni, hola.

Babu hata hakugeuka. Akaniambia "we kijana acha kuipapasa hiyo, njoo unisomee dira, macho yangu yana maji." Dira ilikua mbele ya usukani, imepauka, kioevu chake kina povu moja dogo linalozunguka. "Ngapi?" Mia mbili themanini, Babu. "Hiyo ndo njia, lakini kusi na mkondo vyote vinatusukuma kaskazini, nitashika mia mbili sabini. Tukiachia tutaenda kulala Fungu Yasini, lile fungu la kule kaskazini ya mji." Basi kazi yangu ikawa kuita namba, sabini, sabini na tano, sitini na nane, huku mgeni mmoja anatapika kwenye ndoo ya chambo. Babu alikua anasikilizia wimbi, anataka limpige bega la kushoto, likianza kuja kisogoni anajua boti imepinda kabla hata sijaita.

Nilikaa hivyo karibu saa nzima na nusu, shingo ilikufa ganzi. Mvua ilipoachia tukaona mnara wa taa wa Makatumbe, kile kisiwa cha karibu na mlango wa bandari, kidogo tu kulia kwetu. Babu akasema "eee", akaomba sigara. Zote zilikua zimelowa.

Jioni nikakiosha kioo na maji baridi nikakausha, kikarudi kama hakijafanya kitu. Bosi tulimwambia hakuamini mpaka nilipokimwagia kikombe cha maji mbele yake, ikaanza kutembea yenyewe. Kesho yake nikaenda stoo nikaitoa ile ya vibonye, tukaifunga pembeni. Likioo bado lipo, nzuri kuangalizia kina na samaki, wingu likitokea tu naliloki.