Kuchora jua la saa saba

Michoro ninayosomea chuoni mtazamaji haioni, na ndiyo maana ni kazi kumweleza shangazi. Kabla filamu ya katuni au gemu haijatengenezwa, kuna watu wanaokaa miezi wakitafuta itakuwa na sura gani: mhusika ana mabega ya namna gani, nyumba yao ni ya tope au ya matofali, mvua ya huko ina rangi gani. Wanachora mamia ya picha, nyingi zinatupwa, na zile chache zinazopona wanapewa wengine wazijenge upya kwenye kompyuta. Sisi tunaiita usanifu wa mwonekano. Shangazi yangu wa Arua anaiita "kuchorachora", na bado ananiombea niongeze hata kozi ya uhasibu.

Muhula huu tumepewa kibanda cha rolex. (Kwa msomaji wa Tanga au Mombasa: rolex kwetu Uganda ni chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga, haihusiani na saa.) Darasa zima lilileta vibanda vya kupendeza, mbao zimenyooka, mwavuli unang'aa. Mwalimu alizunguka bila kusema kitu, kisha akauliza, "Huyu muuzaji anatumia mkono gani?" Kimya. Akatutoa nje na madaftari.

Mimi nilikwenda Wandegeya, mtaa wa hapa Kampala, kwa mzee mmoja wa Koboko ambaye tunaelewana kwa Kiswahili. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikaanza na kile kisanduku cha kioo cha kuwekea chapati. Fremu yake ilipakwa rangi ya kijani, lakini kwenye kona ya kulia, pale anaposhika kufungua, rangi imeisha na mbao imekuwa laini, nyeusi kwa mafuta. Kona ya kushoto ni kama mpya. Kisu kinaning'inia kwa kamba upande huohuo wa kulia. Trei ya mayai iko kushoto, kwa hiyo mkono wa kushoto unaleta yai, wa kulia unakoroga kwenye kikombe cha plastiki pamoja na nyanya, kitunguu na kabichi. Mwavuli wa kampuni ya simu zamani ulikuwa mwekundu. Upande wa magharibi umepauka ukawa waridi, maana jua la alasiri linaupiga hapo kila siku.

"Kijana, unanichora mimi ama unachora sigiri?"

"Sigiri, mzee wangu."

"Basi nunua moja. Sigiri yangu haichorwi bure."

Nikanunua. Nilichotoka nacho pale ni orodha ya sehemu zilizochakaa, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ukijua mahali mkono unapogusa, mhusika umeshampata kabla hujachora uso wake.

Kwenye filamu ningeweza kuishia hapo, kwa sababu kamera inakwenda anakotaka mwongozaji, na mgongo wa kibanda usipoonekana hakuna atakayekudai. Kwenye gemu mchezaji atazunguka. Atakwenda nyuma ya kibanda, atainama, atapanda juu ya bati ukimruhusu. Kwa hiyo ilibidi nirudi kuchora nyuma: jerikeni la maji, gunia la makaa, waya wa umeme sitaki kusema unatoka wapi. Isitoshe, watu wa gemu wanataka vipande vinavyoweza kurudiwa, ubao mmoja, bati moja, tofali moja, vipangwe upya mpaka mtaa mzima ujae bila kompyuta kulemewa. Huo ni ubahili wenye akili, na naupenda kuliko nilivyotarajia.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni mwanga.

Mafunzo mengi ya rangi tunayoyapata YouTube yametengenezwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Wanasifia ile jioni ya dhahabu, jua limeinama, vivuli virefu, mashavu yamepakwa asali. Nzuri sana. Hapa Kampala jua linashuka wima kama jiwe kisimani, na tangu lizame mpaka giza likamate ni kama dakika ishirini hivi. Ukichora msichana anatoka shule na kutembea ndani ya dhahabu kwa picha kumi mfululizo, mtu wa hapa atakuuliza huyo mtoto anasoma Norway?

Saa yetu ni saa saba mchana. Nasema saa saba kwa hesabu. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa nyuzi 45 za longitudo mashariki, na Kampala iko kwenye nyuzi 32 na nusu hivi, kwa hiyo jua linafika juu kabisa karibu saa saba kasoro dakika kumi. Wakati huo, hasa Machi na Septemba, mwanga unatoka utosini. Macho yanazama chini ya paji, pua inaangusha kivuli mdomoni, shingo inapotea. Vitabu vinashauri mwanga huo uepukwe.

Mimi sikubali, na sababu yangu ni udongo. Simama kwenye barabara ya murram saa hiyo, uangalie watu. Mwanga unagonga ule udongo mwekundu na kurudi juu. Unawasha chini ya kidevu, chini ya ukingo wa kofia, tumbo la bati la kibanda, vyote kwa rangi ya chungwa. Juu, kwenye paji na mashavu, ngozi nyeusi inashika anga, na pale inapong'aa ni samawati iliyo karibu na nyeupe. Juu baridi, chini moto, uso mmoja. Sogea hatua chache hadi kwenye lami, chungwa lote linakufa, unabaki na kijivu. Wanafunzi wengi hutafuta kivuli cha uso kwa kuongeza rangi nyeusi, na uso unageuka majivu. Nyeusi haihitajiki hata tone.

Nilipomwonyesha mchoro wa mwanga huo, mwalimu akasema, "Hii iweke ya kwanza kwenye mkoba wako wa kazi," yaani ule mkusanyo wa michoro unaoonyesha studio ukitafuta kazi. Ni kwa sababu niliambatanisha vijipicha vyote vilivyoshindwa, vile vya ukubwa wa stempu. Anasema studio zinataka kuona unavyofikiri kuliko picha moja iliyong'arishwa.

Vifaa si hadithi ndefu. Krita, programu ya kuchorea, na Blender, ya kujengea vitu vya pande tatu kwenye kompyuta, ni bure, tableti yangu ya kuchorea ni ya mkono wa pili, na umeme ni umeme. Shangazi naye nilimwonyesha kwamba mwaka 2023 Disney+ ilitoa filamu fupi kumi za Afrika katika mkusanyiko wa Kizazi Moto, na mojawapo, Herderboy, ya wachunga ng'ombe, iliongozwa na Mganda, Raymond Malinga. Akauliza kama huyo Malinga naye ana cheti cha uhasibu.

Sasa namalizia ukanda wa rangi: miraba midogo iliyopangwa mstari mmoja, kila mraba ni tukio, hakuna sura wala mistari, ni rangi na mwanga tu, ili uone hadithi nzima inavyopanda na kushuka. Alfajiri ya ukungu, saa saba, mvua ya ghafla, usiku wa balbu. Imebaki miraba miwili ya umeme kukatika, ambapo kibanda kinaangazwa na simu ya mteja na sigiri peke yake. Mwanga wa simu nimeuweza. Makaa kila nikiyachora yanatoka kama volkano. Kama kuna mtu anajua namna ya kuyatuliza, aniandikie kabla ya Ijumaa.