Maharagwe yalivyoacha kumaliza mkaa wangu

Nilipoacha nyama, maziwa na mayai hapa Kampala, nilidhani matumizi yatapungua. Wapi! Chakula kilikuwa nafuu, ila mkaa ulikula hela yote, maana maharagwe makavu hayana haraka.

Sasa nayaloweka usiku kucha, namwaga maji yale, nayachemsha kwa moto mkali nusu saa (usiruke hapo, maharagwe mekundu mabichi yana sumu), kisha sufuria naifunika vizuri na kuifungia ndani ya kikapu chenye blanketi. Yanaendelea kuiva bila moto. Jiko linabaki na matoke tu.

Mboga za majani, dodo (mchicha) au nakati, nanunua soko la Kalerwe jioni, wauzaji wakitaka kwenda nyumbani. Mchuzi wa karanga za kusaga hauhitaji hata mafuta.