Giaboksi ya Baltimore

Nimelala chali chini ya Camaro ya mwaka 1969, tochi mdomoni, nasugua ubavu wa giaboksi kwa mswaki wa meno uliochakaa. Pembeni amesimama mzee wa miaka sabini na kitu, naona viatu vyake tu. Haulizi kitu. Anasubiri nimsomee namba.

Nyumbani wakinipigia huuliza Ohio nafanya kazi gani. Nikisema ufundi magari, wanaelewa. Nikisema leo nimeshinda nasoma namba, wananyamaza kidogo halafu wanauliza habari za watoto.

Gereji yetu iko Cincinnati, na wateja wengi huleta zile gari ambazo wenyewe wanaziita gari za misuli: bodi la kawaida, injini kubwa kupita adabu, za miaka ya sitini hadi mwanzoni mwa sabini. Hapa Camaro, gari ya Chevrolet, ni mtoto wa nyumbani. Kamji ka Norwood, ambako kamezungukwa na Cincinnati pande zote, ndiko kulikokuwa na kiwanda cha General Motors kilichoziunda tangu zile za kwanza, modeli ya 1967, hadi kilipofungwa mwaka 1987. Kiwanda chenyewe kimeshabomolewa, ila gari zake bado zinaletwa kwetu na wajukuu.

Hii ilikuwa ya marehemu kaka yake mzee. Ni SS 396, yaani toleo la kasi lenye injini ya inchi za ujazo 396, manyuo ya gia nne, imekaa bandani miaka mingi chini ya turubai. Mzee anataka kuiuza, na mnunuzi wa jimbo jingine ameshakubali bei kwa sharti moja: athibitishiwe kwamba giaboksi ni ile ile iliyozaliwa na gari.

Usiku ule nilimpigia fundi wangu wa zamani, aliyenifundisha kushika spana pale Gerezani, Dar es Salaam.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Baridi inasemaje?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kupima mgonjwa kama kawaida yake.

"Inaingia gia zote?"

"Zote nne na rivasi."

"Inavuja?"

"Haivuji."

"Inalia?"

"Hailii."

"Sasa mgonjwa ni nani hapo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kwetu giaboksi ikifa unakwenda Ilala, Shauri Moyo, unazikuta zimepangwa chini kama mihogo sokoni. Unataja gari yako, unazungusha shafti kwa mkono, unasikiliza, mnapatana bei. Hakuna anayemuuliza muuzaji hiyo ilitoka kwenye gari ya nani. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Giaboksi haijulikani hata serikalini.

Huku, kwa gari hizi, inajulikana kuliko mimi.

Kwanza unahakikisha kwamba gari yenyewe ilizaliwa manyuo. Namba ya utambulisho ya Chevrolet ya 1969 haikusaidii: inataja kampuni, aina ya gari, bodi, mwaka, kiwanda na foleni yake kwenye mstari wa kuundia. Gia haimo. Kile kibati kilichopigiliwa ukutani mwa chumba cha injini nacho kinataja rangi, aina ya viti na wiki ya kuundwa. Gia haimo. Wenzao wa Ford walikuwa waungwana zaidi. Mustang ya 1968 ina kibati mlangoni kwa dereva, na humo kuna nafasi ya msimbo wa gia: ukikuta 5 ni manyuo ya gia nne, ukikuta W ni otomatiki, ile Ford wenyewe wanaiita C4. Unafungua mlango, unasoma, unakwenda kunywa chai.

Kwa Chevrolet unauliza injini. Mbele ya bloku, upande wa abiria, kuna uso uliosawazishwa wenye tarehe na herufi mbili za mwisho. Herufi hizo zinasema injini ilipangiwa kazi gani. DZ, kwa mfano, ni ile ya inchi za ujazo 302 ya Z/28, toleo la Camaro ambalo halikuuzwa na otomatiki kabisa, kwa hiyo ukiikuta DZ halisi neno otomatiki lisahau. Ya mzee ilisema JU: 396 ya nguvu farasi 325, ya manyuo. Nikatazama rejeta, haina matundu ya mabomba ya kupozea mafuta ya otomatiki. Nikainua zulia, kile kinundu cha bati cha kupitishia gia nne kimeshikwa kwa vile vidoto vya kuchomelea vya kiwandani, si kwa mshono wa fundi wa uani. Gari ilizaliwa manyuo. Hapo mzee alikohoa kwa furaha.

Halafu giaboksi yenyewe. Kasha lake ni la alumini, mfuniko wa ubavuni una boliti saba, na mkono wa rivasi haupo kwenye mfuniko bali huko nyuma kwenye mkia. Hiyo ni Muncie. Ingekuwa kasha la chuma cha kalibu na mikono yote mitatu kwenye mfuniko, ni Saginaw, ndugu yake mnyonge. Ingekuwa na boliti tisa, ni T-10 ya Borg-Warner. Jina Muncie ni la mji wa Indiana zilikotengenezwa, kama saa mbili kwa gari kutoka hapa. Namba iliyosubiwa kwenye kasha ilikuwa 3925661, kasha la 1968 hadi 1970. Mpaka hapo kila kitu kinakubali.

Mswaki niliutumia kwa sababu brashi ya waya ni adui. Alumini ni laini, na chapa za kiwandani nyingine ziligongwa na mtu aliyekuwa amechoka, zimezama kama ukucha kwenye sabuni. Unalainisha uchafu kwa dawa ya kusafishia breki, unasugua taratibu, unapaka chaki, unamulika kwa ubavu. Upande wa kulia, yaani wa abiria (huku dereva anakaa kushoto, na miaka ya kwanza nilikuwa naingia upande wa abiria na ufunguo mkononi), ikatokea P9B20A. P ni Muncie. 9 ni modeli ya 1969. B ni Februari, 20 ni siku. A ya mwisho ni M20, ambayo gia yake ya kwanza ni 2.52 kwa moja. Ingekuwa B ni M21, yenye gia zilizobanana zaidi, ya kwanza 2.20. Ingekuwa C ni M22, na hapo mzee angekuwa tajiri: meno yake yamekatwa yakakaribia kunyooka, yanastahimili kipigo lakini yanalia njia nzima, ndiyo maana wakaibatiza mponda mawe.

Bodi ya gari ilisema wiki ya pili ya Aprili. Giaboksi ya Februari. Inakubali, kwa kuwa giaboksi lazima iitangulie gari.

Pembeni yake ikajitokeza ile ya kuamua, kipande cha namba ya gari kinachogongwa kwenye giaboksi gari inapoundwa. Nilitarajia 19N na tarakimu sita zinazofanana na za kwenye dashibodi: 1 ni Chevrolet, 9 ni mwaka, N ni Norwood. Nikaona 19B.

Nikafuta chaki, nikapaka upya. B.

B ni Baltimore. Camaro za 1969 ziliundwa Norwood na Van Nuys ya California, ambayo herufi yake ni L. Baltimore hawakuunda Camaro hata moja. Giaboksi hii ilizaliwa na Chevrolet nyingine kabisa, huenda Chevelle, ikahamia huku. Sikuhitaji hata kusoma tarakimu.

Nikatoka chini. "Mzee," nikamwambia (nimemzoesha neno hilo, analipenda), "hii ni nzuri, ni ya mwaka wenyewe, ila haikuzaliwa na gari hii."

Akacheka. Kumbe kaka yake alikuwa akishindana Ijumaa usiku, kuanzia taa hii hadi taa ile.

Mnunuzi akashusha dola elfu nne papo hapo. Kesho yake akaja dalali mmoja kunisemesha pembeni, ana kikasha cha mihuri ya kugongea namba, akasema tufute tugonge upya, nani atajua. Atajua yeyote mwenye tochi. Alama za tupa hazifichiki kwenye alumini, na kuchezea namba za gari katika nchi hii ni njia fupi ya kwenda jela, tena kwa mtu mwenye lafudhi kama yangu. Nilimwonyesha mlango.

Nikamshauri mzee atafute karatasi. Siku hizo Chevrolet walimpa mnunuzi kijitabu cha waranti chenye kibati ndani, kimepigwa misimbo ya injini, ya gia na ya difu. Pia watu hukuta karatasi ya kiwandani imebanwa kwenye springi za kiti au juu ya tenki la mafuta. Hivyo havirudishi giaboksi, lakini angalau vinasema ilikuwepo gani.

Karatasi hakuona. Baada ya siku tatu akarudi na kitu kimefungwa gunia nyuma ya pikapu. Bandani kwa kaka yake kuna rafu ya makopo ya rangi, na mguu mmoja wa rafu ulikuwa umekalia kasha tupu la giaboksi. Mbele, pale shafti ya chini inapoingia, lilikuwa limepasuka ufa wa kidole kizima, ugonjwa wa Muncie zilizopigwa sana. Nikaomba mswaki.

P9C18A. Machi 18, M20. Chini yake 19N na tarakimu sita, zote.

Nikampigia fundi Gerezani, kule ilikuwa karibu saa sita usiku. Akauliza ufa una urefu gani, kama kuna mtu wa kuchomelea alumini, kama tundu la shafti linaweza kusawazishwa kwenye mashine. Nikasema yote yapo.

"Basi toa gia za hiyo ya Baltimore, zihamishie kwenye kasha lake la zamani. Funga. Mwambie mnunuzi amepata ya kuzaliwa."

"Lakini fundi, ndani itakuwa bado ni Baltimore."

"Namba iko ndani au iko nje?"

Iko nje. Na ndivyo wanavyofanya huku pia, kumbe, mafundi wenye makoti safi, nao wanaihesabu kuwa ni ya kuzaliwa mradi kasha ni lenyewe. Nilimwandikia mnunuzi kila tulichofanya, ufa na gia za ugenini, sikumficha hata boliti. Akarudisha dola elfu tatu kati ya zile nne.

Siku ya kuchukua gari mzee aliniomba kasha la Baltimore. Nikadhani anataka kuliuza, nikaanza kumtajia bei.

"Hapana," akasema, "rafu imelala upande."