Nilivyoisoma chesisi namba ya IST kabla sijatoa hela

Mwaka jana nilikuwa natafuta gari, bajeti haizidi milioni kumi na mbili, na ukiwa na hela ya hivyo hapa Tanga kila unayemuuliza anakujibu neno moja tu, IST, kile kigari kidogo cha Toyota. Basi dalali mmoja akanitumia picha Wasap, IST nyeupe namba D, "bosi wangu hii ni ya 2008, cc 1490, mashine haijafunguliwa, AC inapiga barafu." Bei kumi na mbili na nusu, maongezi yapo. Picha ya kadi ya gari nayo akatuma, ila sehemu ya mwaka na cc, yaani ukubwa wa injini, imefunikwa na dole gumba lake, inaonekana chesisi namba tu, ile namba ya utambulisho inayogongwa kwenye bodi, na jina la gari. Hilo dole gumba ndo lilinitia wasiwasi.

Mimi ni mtu wa kugugo kila kitu, nikachukua ile chesisi namba nikaiweka kwenye tovuti ya nje inayosoma VIN, ndo chesisi namba kwa mtindo wa kwao. Ikagoma. Inataka herufi na namba 17, mimi ninazo 12. Nikajaribu tovuti nyingine, vilevile. Nikasema tayari, gari la wizi hili, au wameunga vipande viwili. Usiku usingizi ukakata, nishajiona nimesimamishwa na trafiki pale Mabanda ya Papa naulizwa gari umelitoa wapi.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wangu Ngamiani, mtu mzima, kazi hii kaanza zamani sana. Nikamwamkia, nikamweleza, akacheka mpaka akaweka spana chini. "Mwanangu, hizo 17 ni za magari yaliyotengenezwa yauzwe nje. Hili Mjapani kalitengeneza auze kwao, na kwao wanatumia namba ya fremu. Sasa we unamuuliza Mmarekani habari za Mjapani!" Kumbe mitumba karibu yote ya Japani tunayoendesha ndo iko hivyo, herufi na namba za modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo, basi. Mwaka haumo kabisa kwenye hiyo namba, mwaka wanaujua kwa kuangalia namba ya mfululizo kwenye katalogi ya kampuni.

Akachukua chaki akaandika kwenye tairi bovu lililokuwa pale mwanzo wa ile chesisi namba, NCP60. Herufi ya kwanza, N, ni ukoo wa injini, hizi NZ. CP ni ukoo wa bodi, ndo maana Vitz yenye injini hiyo ni NCP10 na Probox ni NCP50, ni ndugu wa damu. 60 ndo IST yenyewe. Halafu akaniambia kitu ambacho kwangu kilikuwa na thamani ya laki kadhaa: NCP60 ni injini ya 2NZ, cc 1298, hii ambayo kwenye matangazo watu wanaandika 1290. Ya 1NZ, cc 1497, hiyo ni NCP61, na ukiona NCP65 ujue ni foo wili, inayosukuma tairi zote nne. Na IST za muundo ule Toyota waliacha kuzitengeneza 2007, zikaja NCP110, kwa hiyo hiyo 2008 ya dalali katoa kichwani kwake.

Mchana tukaenda wote kuliona, limepaki Chumbageni chini ya mwembe. Dalali ananifungulia redio, fundi hana habari naye, kafungua boneti moja kwa moja. Kule nyuma ya injini, kwenye ukuta wa chuma, kuna kibati, na namba yenyewe imegongwa kwenye bodi. Fundi kachovya tambara kwenye mafuta ya taa kafuta uchafu, akawa anasoma namba mojamoja huku mimi nafuatisha kwenye kadi. Zikalingana zote. Akapitisha kidole juu yake, anasema ukisikia pamekwanguliwa, au namba moja imekaa juu na nyingine chini, au kuna alama ya kuchomelea pembeni, funga boneti uage. Pale palikuwa safi.

Ila kwenye kibati pakawa na jambo. Sehemu ya rangi imeandikwa 1F7. Fundi akaniangalia. "1F7 ni silva hiyo. Nyeupe ya Toyota ingeandikwa 040." Akavuta mpira wa mlango wa nyuma, chini yake kweli silva inang'aa. Dalali akasema "aah hiyo walirudia rangi tu kupendezesha", na kadi nzima alipoitoa ikasomeka 2006, cc 1290, silva. Sikugombana naye, kugombana na dalali ni kujichosha, nilimwambia tu basi tuongee bei ya gari lililopo hapa, siyo la kwenye Wasap. Tukazungukaaa, tukaishia kumi na moja na laki mbili, na sharti rangi ibadilishwe kwenye kadi kabla sijamaliza hela.

Sasa ugonjwa ukaniingia, kila gari ninaloliona nataka kulisoma. Jirani yetu ana Golf ya Ulaya, hiyo ndo ina zile 17 kamili, inaanza WVWZZZ1KZ6W. Hii nilijifunza mwenyewe. Tatu za mwanzo ni mtengenezaji, W ni Ujerumani na zote tatu pamoja ni Volkswagen. Zile ZZZ hazina maana yoyote, ni kujaza nafasi. 1K ndo modeli, Golf ya tano. Inayofuata, ya tisa, kwa magari ya Marekani ni namba ya kuhakiki, ukikosea kuandika herufi moja hesabu inakataa, ila huyu Mjerumani kaweka Z nyingine. Ya kumi ndo mwaka, 6 ni 2006, ingawa huo ni mwaka wa modeli na gari linaweza likawa limetoka kiwandani katikati ya 2005. Kuanzia 2010 wakarudi kwenye herufi, A ni 2010, B 2011, hivyohivyo. W ya kumi na moja ni kiwanda cha Wolfsburg. Jirani mwenyewe miaka yote alikuwa anajua gari lake ni la Uingereza kwa vile lilitokea huko!

Namba yangu nayo ishanisaidia kuagiza spea Dar, ila mara ya kwanza nilituma meseji muuzaji ananiambia katalogi imekataa. Kumbe nimeandika NCP6O, herufi O badala ya sifuri. Ndo maana wenye zile 17 walizipiga marufuku I, O na Q. Siku hizi sichapi, napiga picha kibati namtumia.

Yule dalali bado ananitumia matangazo. Juzi kaleta IST nyingine, safari hii kaandika cc 1290 vizuri kabisa, ila kwenye picha ya kadi dole gumba limehamia kwenye chesisi namba.