Dirii ya pete, wiki ya saba: nimekifumua kipande cha mgongo

Jumamosi nilikitundika mlangoni kipande cha mgongo cha dirii ninayoifuma, yaani shati la pete za waya kama lile la vita vya zamani: pete 3,100, karibu kilo moja na nusu. Asubuhi yake nikakuta safu mbili za juu zimeachia, pete kumi na tatu ziko sakafuni. Uzito wake wenyewe ndio uliozifungua.

Kosa liko kwenye kukata. Nilikuwa nakata waya kwa koleo, na koleo huuminya waya kabla ya kuukata, kila ncha ikabaki imechongoka kama paa la nyumba. Ncha mbili za hivyo zikikutana zinagusana kwenye ukingo tu.

Sasa nakata kwa msumeno wa chuma wa meno madogo. Waya ni uleule wa milimita 1.6 nilioununua Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala. Nauzungusha kwenye nondo laini ya milimita 8 mpaka iwe springi ndefu, naibana kwenye jiliwa, naipasua kwa urefu wake. Inachosha mkono, ila ncha zinatoka bapa. Kufunga nako kuna namna yake: ukizikutanisha tu ncha, waya unarudi nyuma. Zipitilize kidogo, kisha uzirudishe, zitasukumana zenyewe. Ukipatia, koleo linakuambia kwa mlio mdogo, na ukipitisha ukucha kwenye kiungo haukwami.

Fundi mmoja pale Katwe aliniuliza mbona sizichomelei. Waya huu umepakwa zinki, na moshi wa zinki unaleta homa. Mafundi wa Ulaya ya kale walibapaza ncha, wakazipishanisha, wakatoboa na kupiga ribiti kila pete. Nawaheshimu sana kwa hilo. Yangu ni ya kuvaa, si ya vita, kwa hiyo kiungo kikikaa sawa kinatosha.

Ufumaji sijaubadilisha: kila pete inashika nne. Shati zima nakadiria pete 20,000, kama kilo 10.

Bibi yangu wa Bombo alikigeuzageuza kipande akasema, "Mjukuu wangu, hii kazi ya Nabii Daudi. Yeye alilainishiwa chuma, na bado aliamrishwa apime sawa anapounganisha." Nimekuwa nikiyakumbuka maneno hayo kila ninaposhika koleo.

Mpaka leo nimefunga upya pete 640. Kipande cha majaribio kinaning'inia tangu Jumatano na jiwe la kilo mbili chini yake, na hakuna pete iliyoachia.