Maharagwe manne

Mwaka 2006 maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameshuka sana, na Kampala tuliishi kwa mgao wa umeme. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya fizikia Makerere, nimepanga chumba Kikoni na dada mmoja wa Bukoba aliyesomea uuguzi. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha: yeye alikuja nacho kutoka kwao, mimi nilikulia katika kambi ya jeshi Gulu, ambako hata watoto tuligombana kwa Kiswahili.

Kazi yangu ilikuwa mnyororo wa spini. Zipange atomu katika duara, kila moja sumaku ndogo inayoelekea juu au chini, kila moja ikisikilizana na jirani zake wawili tu. Atomu 4 zina mipangilio 16. Atomu 20 zina 1,048,576, na kwa kanuni za kwanta, fizikia ya vitu vidogo kama atomu, duara halikai katika mpangilio mmoja; linabeba mchanganyiko wa mipangilio hiyo. Nilikuwa nikilala na kuamka na jambo hilo. Kwa mnyororo usio na mwisho, mwanafizikia Hans Bethe alikuwa amefungua njia ya jawabu kamili tangu 1931: nishati ya chini kabisa ni hasi 0.4431 kwa kila atomu.

Programu yangu ya kompyuta ilitoa karibu hasi 0.43 kwa kila atomu katika duara la 12, na kila nilipoongeza atomu namba ilizidi kuisogelea ile ya Bethe. Nilichora grafu, nikampelekea mwalimu wangu kwa furaha. Aliitazama muda mrefu.

“Ya atomu nne umeihesabu kwa mkono?”

“Bado, mwalimu.”

Akanirudishia karatasi bila neno jingine. Niliumia. Miezi mitano ya kazi, naye ananiuliza hesabu ya mtoto!

Usiku ule ilikuwa zamu ya mtaa wetu kukaa gizani. Niliwasha tadooba, kijitaa cha mafuta ya taa, nikachota maharagwe aliyotutumia mama, mekundu na ya njano yaliyochanganyika. Mekundu yakawa juu, ya njano chini. Nikapanga manne katika duara, mawili ya kila rangi. Mipangilio ya namna hiyo ni 6 tu: katika 2 rangi zinapishana, katika 4 zinakaa mbilimbili. Jirani wawili wa rangi tofauti wanaweza kubadilishana nafasi, na ubadilishanaji huo ndio roho ya hesabu nzima. Nikaiandika, x ikiwa nishati ya duara zima, ikanywea hadi ikawa x² + x − 2 = 0. Majawabu: 1 na hasi 2; la chini kabisa ni hasi 2.

Kwa atomu nne, programu yangu ilikuwa imesema hasi 1.616.

Nilirudia mara tatu. Hasi 2. Dada akaniita kutoka jikoni, “Mdogo wangu, maji yamechemka, maharagwe yako wapi?” Sikumjibu. Nilikuwa nimeweka kidole kati ya harage na harage, nikihesabu viungo: la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la nne. Kidole kikaendelea chenyewe: la nne na la kwanza.

Kiungo hicho hakikuwamo katika programu. Niliishia kwenye cha tatu. Atomu ya mwisho haikuwahi kushika mkono wa ya kwanza, na kwa miezi mitano nilikuwa nimehesabu kamba iliyo wazi ncha zote mbili. Kamba wazi si dhambi. Mbinu ya kukokotoa minyororo ya namna hii aliyoibuni mwanafizikia Steven White mwaka 1992, ambayo baadaye niliitumia miaka mingi, huzipenda hasa kamba za namna hiyo. Kosa langu ni kuiita duara. Ndiyo maana namba zangu ziliisogelea ya Bethe kutoka juu, upande usiofaa: duara la 4 lina hasi 0.5 kwa kila atomu, chini ya ile ya Bethe, kisha hupanda kuifuata. Mwalimu alikuwa ameliona hilo kwenye grafu.

Umeme ulirudi kabla ya adhana ya alfajiri. Nikabadilisha mstari mmoja. Atomu 4: hasi 2 kwa duara zima. Atomu 12: hasi 0.449 kwa kila moja. Nikamwamsha dada, maskini, aliyekuwa ametoka zamu ya hospitali.

“Limefunga,” nikamwambia. “Duara limefunga.”

Akaketi kitandani, akaniomba nimwonyeshe. Nikayapanga maharagwe upya.